Nyimbo za kufanyia kazi na nyimbo za kukaa nazo

Mi sio wale watu wanaosema ukiweka muziki huku unafanya mambo mengine unaukosea heshima. Hapana, muziki wa pembeni umenibeba sana na utaendelea kunibeba, ninachotaka kusema hapa ni kidogo tu zaidi ya hapo: wimbo mmoja hauwezi kufanya kazi zote mbili kwa muda mrefu. Wimbo unaoupenda ukiufanya uwe unaimba pembeni siku nzima, siku ukiamua kukaa nao unakuta umeshachuja, na wala hujawahi kuusikia vizuri. Nimeishi na hili jambo muda mrefu sasa, nikajaribu hivi na vile, na kuna vitu nimeviona ambavyo vinaweza kumsaidia mtu anayependa muziki ila anahisi siku hizi haumgusi kama zamani.

Wa kwanza kunifumbua macho ni dada yangu. Alichukua wimbo aliokuwa anaupenda kuliko zote akauweka uwe alamu ya kumwamsha asubuhi, akiamini ataamka na furaha. Haukupita muda, wimbo ule ukipigwa popote anakunja uso, anasema moyo unamwenda mbio kama kachelewa mahali. Tulimcheka sana, lakini mi nikabaki nawaza kwamba ndicho kinachozipata nyimbo zetu wengi, ila polepole: huu umekuwa wimbo wa kupiga pasi, ule wa kujibu meseji, ule mwingine wa kukaa kwenye foleni, na kila kazi inaupaka wimbo uchovu wake.

Alafu kuna suala la masikio yenyewe. Watu wengi tunaamini muziki ukiwa unalia basi unaingia, hata kama akili iko kwingine, yani kama vile kuna sehemu ya kichwa inaupokea na kuutunza. Mwaka 1953 mtafiti mmoja anaitwa Colin Cherry alichapisha majaribio ambayo mi huwa nayakumbuka kila nikiweka hedifoni. Alikua anawavisha watu hedifoni, sikio moja maneno haya, sikio la pili maneno mengine, anamwambia mtu arudie kwa sauti yale ya sikio moja. Baadaye anamuuliza, haya, upande wa pili walikua wanasema nini? Watu hawajui. Wanaweza kukwambia ilikua sauti ya mwanaume au ya mwanamke, lakini kilichosemwa hawana habari nacho, na wengine hata lugha ilivyobadilishwa katikati kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakushtuka. Lugha nzima imebadilika sikioni mwako na hujui!

Na mi nimeshayaona kwangu. Unaweka albamu, unaingia kwenye kazi, ukija kuzinduka unakuta albamu iliisha zamani, simu imejiendea na wasanii wengine kabisa ambao hukuwachagua, na kama mtu angekuuliza dakika ile unasikiliza nani ungemtajia yule wa mwanzo bila wasiwasi wowote. Sasa hapo huwezi kusema umesikiliza albamu. Ulikua nayo chumba kimoja, basi.

Lakini ngoja nirudi kwenye kuutetea muziki wa pembeni, maana unasemwa vibaya bure. Kwangu umegawanyika kufuatana na kazi. Kazi ambazo mikono imeshazizoea, kufua, kupiga pasi, kupanga makaratasi, kudeki, hapo muziki ni msaada wa kweli, weka chochote, imba, cheza, kazi inaisha hujui imeishaje. Ila kazi yenye maneno ndani yake, kusoma, kuandika, kuhesabu kitu kichwani, hapo wimbo wenye mashairi unakupora. Mara kadhaa nimejikuta naandika barua na neno la kwenye kibwagizo limejipenyeza katikati ya sentensi yangu, limekaa pale kama mgeni ambaye hakualikwa. Nikadhani ni mimi tu na uzembe wangu, kumbe hili limechunguzwa tangu miaka ya 1970 na 1980. Wataalamu walikuta kwamba sauti ya mtu anayeongea pembeni inaharibu uwezo wa kushika maneno au namba kwa mpangilio, na kilichonishangaza ni kwamba inaharibu hata kama hiyo lugha huielewi. Kwaiyo ile hoja yetu ya kwamba "naweka nyimbo za lugha nisiyoijua ili zisinisumbue" haina nguvu sana. Na kupunguza sauti pia hakuokoi kama tunavyodhani, kinachosumbua zaidi ni ile sauti kubadilikabadilika, sio ukubwa wake.

Sa hivi nikiwa naandika naweka ala tupu, tena zile zinazokwenda taratibu bila vituko, au siweki kitu kabisa. Kimya nacho kinafaa, tumekisahau tu.

Kuna watu watakwambia, mbona muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, unaongeza akili, mwekee hata mtoto. Hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1993 jarida la Nature lilitoa utafiti mdogo wa wanafunzi wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart, yani kipande cha muziki wa ala tupu, dakika 10, wakafanya vizuri zaidi kidogo kwenye maswali ya kupambanua maumbo, na faida yenyewe ilidumu kama robo saa hivi ikayeyuka. Watoto hawakuwepo kwenye utafiti, wala haukuonyesha kwamba akili kwa ujumla imeongezeka. Watafiti waliokuja baadaye wakaonyesha kwamba kilichofanya kazi ni watu kuchangamka na kuwa na furaha, na kitu chochote unachokipenda kinaweza kukuchangamsha hivo. Ambacho mi nakiona cha kufurahisha humo ni hiki: walisikiliza kwanza, ndio wakafanya maswali. Wimbo haukua unalia wakati wanajibu. Sisi tumechukua habari hiyo tukaigeuza kuwa ruhusa ya kuweka muziki wakati wa kusoma, wakati ni mambo mawili tofauti kabisa. Mi sasa nafanya hivo hivo walivyofanya, nyimbo mbili tatu nzuri kabla ya kazi ngumu, nimekaa nimetulia, alafu nazima, naanza. Inafanya kazi kuliko kuuacha ulie masaa manne.

Wanaotengeneza muziki wa pembeni wenyewe wanajua kwamba ni fani yake. Huko Ufaransa mtunzi Erik Satie alikuja na wazo mwaka 1917 la muziki wa kukaa chumbani kama fenicha, upo, unatumika, hakuna anayeutazama. Mwaka 1920 ulipigwa Paris wakati wa mapumziko ya maonyesho, watu waliposikia wakaanza kurudi kwenye viti vyao wasikilize, na Satie akawa anazunguka anawahimiza waongee, watembee, wasisikilize! Nikiisoma hiyo nacheka peke yangu, maana leo shida imegeuka, wanamuziki wanakesha studio ili wasikilizwe na sisi tunatembea huku na huku tunaongea. Baadaye mwaka 1934 ikaanzishwa kampuni ya Muzak Marekani, wazo la jenerali mstaafu wa jeshi, George Owen Squier, ikasambaza muziki kwenye hoteli na maofisi, baadaye na viwandani. Hao walifika mahali wanapanga nyimbo kwa vipande vya robo saa, zinaanza na za taratibu zinapanda kwenye zilizochangamka, kisha robo saa ya kimya, ili mfanyakazi asisinzie. Ona hapo, hata wauzaji wa muziki wa pembeni waliweka kimya! Mtu mzima na simu yake leo hajiwekei hata dakika tano.

Alafu 1978 Brian Eno wa Uingereza akatoa albamu aliyoitengeneza akiwafikiria watu walioko uwanja wa ndege, akisema wazi kwamba muziki wa aina hiyo unatakiwa uweze kupuuzwa na uweze kuvutia kwa kiwango kile kile. Hiyo ndio kazi yake toka mwanzo. Hapo ndipo nilipopata utaratibu wangu wa sasa: muziki wa pembeni nauchukua kwenye muziki uliotengenezwa kwa ajili ya pembeni, au nyimbo ambazo sizipendi sana wala sizichukii, zipozipo tu, na zile ninazozipenda kweli nazitoa kwenye orodha ya kazini. Zinakaa kwenye orodha yake, ndogo, ambayo siifungulii nikiwa na shughuli.

Sasa kukaa kusikiliza kwenyewe. Wanaolielezea jambo hili wanalipamba sana, mishumaa, giza, spika za bei mbaya, na mtu akijaribu akaona hakuna muujiza anaacha. Ukweli wa kwanza ni kwamba kunachosha. Dakika ya pili tu mkono unawasha, unataka kuangalia saa, unakumbuka kuna mtu hujamjibu, unajiuliza huyu mwimbaji alizaliwa mwaka gani, unataka kutafuta. Simu ndio adui na simu hiyo hiyo ndio redio yako, kwaiyo inabidi uizime mawasiliano yote, uigeuze kifudifudi, uiweke mbali na mkono. Wala usianze na saa zima. Santuri ndefu zilizoanza kuuzwa 1948 zilikua na dakika ishirini na kitu kila upande, kisha unanyanyuka kuigeuza, na mi naona ule ulikua ni urefu mzuri sana kwa binadamu. Nasikiliza urefu wa kama upande mmoja, nanyanyuka, nikitaka naendelea, nisipotaka imetosha.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuacha kusikiliza "wimbo" na kuanza kumfuata mtu mmoja. Mfano besi. Unachukua wimbo ambao unadhani unaujua, unasema leo nakwenda na mpiga besi mwanzo mpaka mwisho, yeye tu, akinyamaza nami nanyamaza naye. Ni ngumu kweli, maana mwimbaji akiingia anakuvuta kwa nguvu, masikio yetu yanapenda sauti ya mtu, unajikuta umeshamfuata kwenye ubeti na besi imekuponyoka, unarudi. Lakini ukifanikiwa hata kwa nusu wimbo unaona vitu. Kwamba kwenye ubeti wa kwanza anapiga noti chache sana makusudi, anamwachia nafasi mwimbaji, kibwagizo kikija anatembea, na pale ambapo siku zote ulikua unasisimka bila kujua kwa nini, ni yeye alikua kanyamaza kidogo alafu akarudi na ngoma kwa pamoja. Siku nyingine unamfuata anayeitikia nyuma. Siku nyingine ngoma, sio zote, ule upatu mdogo tu. Wimbo mmoja unaweza kukupa wiki nzima.

Na unaanza kusikia watu. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya mstari mrefu. Kidole kinateleza kwenye waya wa gitaa, ile "skwii" ndogo ambayo prodyuza angeweza kuikata akaiacha. Kwenye kibwagizo cha mwisho kumbe kaongezwa mtu wa sauti ya juu ambaye hakuwepo kwenye vibwagizo vya mwanzo, ndio maana kinasikika kama kimepanda wakati hakuna aliyepandisha sauti. Nilivyolisikia hilo mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikadhani nimekosea.

Jambo dogo la kiufundi hapa, maana wengi tunalikosa. Ile tabia ya kuvaa iafoni sikio moja, ili lingine lisikie kama mtu anakuita, inakata muziki vipande. Tangu makampuni yaanze kuuza santuri za stereo mwaka 1958 mafundi wa studio wanapanga vyombo kushoto na kulia, gitaa hili huku, kinanda kule, waitikiaji wametandazwa pande zote. Ukivaa sikio moja kuna chombo kinaweza kukupotea kabisa, upo naye miaka hujawahi kumsikia. Kwa muziki wa pembeni haina neno, vaa moja, tena njiani ni salama zaidi. Kwa kukaa nao, mbili. Spika ya simu nayo ni hivo hivo, haina uwezo wa kutoa zile sauti nzito za chini, ni ndogo mno, unachokisikia kama besi mara nyingi ni ubongo unajazia wenyewe kutokana na sauti za juu yake. Ubongo una akili, ila unajazia, na wewe ulitaka kumsikia mpiga besi.

Na kwa kuwa nimegusa hedifoni, sauti. Muziki wa pembeni unafanya watu wapandishe sauti ili kuzidi kelele za nje, na kwa sababu unalia siku nzima inajumlishwa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kuvumilia mpaka saa 40 kwa wiki, ila ukipanda kwenye 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Nilipopunguza masaa ya pembeni niligundua nikikaa kusikiliza napenda sauti ya chini kuliko zamani, na nasikia vingi zaidi, nadhani kwa sababu sishindani na kitu.

Kuna wanaosema kurudia wimbo ndiko kunauua. Mi siamini. Kurudia bila kuwepo ndiko kunauchosha, lakini kurudia ukiwa upo kunaunenepesha. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walipima ubongo wa watu wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua, wakakuta ile kemikali ya raha, dopamini, inatoka hata kabla ya kipande chenyewe kufika, wakati mtu anakisubiri. Huwezi kukisubiri kitu usichokijua. Kwaiyo ukisikiliza mara ya kwanza na kuona "mbona kawaida" usitupe, mara ya tatu ndio unaanza kujua kona inakuja wapi, na ile raha ya kuingojea kona ni nusu ya mambo yote.

Na hapa natofautiana na wale wakali wa kukaa kitako. Sio kila muziki umetengenezwa wa kukalia. Mtu anayecheza anausikiliza muziki kwa makini sana, pengine kuliko huyu aliyefumba macho kwenye kiti, maana mguu hauwezi kudanganya, ngoma ikibadilika nao unabadilika hapo hapo. Nimewahi kukaa na wimbo wa kuchezwa, nimetulia kabisa natafuta besi, nikaona umepooza. Nikasimama, ukaamka. Anayeimba sauti ya pili huku anapangusa vyombo naye anasikiliza, mikono iko bize lakini kichwa chote kiko kwenye wimbo. Kwaiyo mi sipimi kwa kuangalia mtu kakaa au kasimama. Napima kwa swali moja tu, wimbo ukikatika ghafla utashtuka hapo hapo, au itakuchukua dakika mbili ndio ugundue?

Siku hizi kitu ninachokipenda zaidi ni kusikiliza wawili, na mwenzangu ni yule yule dada wa alamu. Tunaweka albamu, masharti ni kwamba hakuna kuongea mpaka upande uishe, na sio rahisi kwa sababu yeye ni muongeaji na mimi napenda kuonyesha najua. Tukimaliza ndio vurugu inaanza. Yeye anafuata maneno, mi nafuata vyombo, na ni kama tumesikiliza albamu mbili tofauti.

"Kaka, hivi wewe huwa husikii maneno kabisa?" aliniuliza siku moja. "Huyu kwenye ubeti wa pili haongei tena na mpenzi wake, anaongea na mama yake."

Nikarudisha. Kweli bwana, anaongea na mama yake, na wimbo wote ukageuka maana, kile kibwagizo nilichokua nakiona cha mapenzi kikawa cha mtu anayeomba radhi nyumbani. Mi nikamwonyesha kwamba hapo hapo kwenye ubeti wa pili gitaa limeacha kupiga na kimebaki kinanda peke yake, kwaiyo hata vyombo vilijua. Akakubali, kwa shida.

Ila kuna wimbo mmoja unamalizika na sauti nyembamba inayopotelea mbali, yeye anasema ni filimbi na mi nasema ni mtu anapiga mluzi. Tumeurudia kwa hedifoni, kwa spika, kwa sikio moja moja, na hakuna aliyekubali kushindwa.